Alama ya Pasi

"Umewahi kuwadanganya polisi?"

Inspekta aliliuliza swali hilo kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai imetiwa sukari. Alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, koti la sare amelitundika nyuma ya kiti. Juu yao feni ilikuwa ikikwaruza kila ikizunguka.

Binti aliyekaa mbele yake alikuwa amelifanyia mazoezi jibu la swali hilo. Hapana, afande. Alikuwa amelisema mbele ya kioo, amelisema akiosha vyombo, amelisema njiani mpaka mpita njia mmoja akageuka kumtazama. Mbio alishakimbia akafaulu. Mtihani wa kuandika alifaulu. Daktari alishamkagua mpaka magego. Kilichobaki kabla ya kupokewa polisi ni upekuzi: kueleza maisha yako yote mbele ya mtu asiyekuonea haya, kisha watu wake wazunguke shuleni, mtaani na kila ulikofanya kazi, wakaulize kama ulichosema ndicho.

Alifungua mdomo aseme hapana.

"Ndiyo," alisema.

Feni ikakwaruza. Inspekta akaweka kalamu chini.

"Sema taratibu, binti. Sina haraka."

Akasema, huku akitazama magoti yake. Alipomaliza shule alipata kibarua kwa madobi wakubwa, chumba cha pasi. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja mpole aliyemfundisha kila kitu, hata namna ya kusimama ili mgongo usimuume. Siku moja yeye binti aliachiwa gauni la harusi la hariri, mali ya watu wazito. Pasi ilikuwa imetoka kwenye mashuka ya hospitali, bado ina moto wa mashuka. Akasahau kuipunguza.

"Likaungua," alisema Inspekta.

"Likaungua, afande. Karibu na pindo. Alama ya pasi nzima."

"Ukafanyaje?"

"Nikalikunja, nikalitia kwenye begi langu chini ya sweta. Nikatoka nalo."

"Na polisi?"

"Walikuja kulitafuta. Waliponiuliza, nikasema nilimwona msimamizi akiingia nalo stoo. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye peke yake. Akalala ndani, afande. Walimwachia baadaye kwa kukosa ushahidi, lakini kazi akafukuzwa. Na jina la mwizi likabaki naye mpaka leo."

"Huyo mama yu hai?"

"Yu hai. Ni mama wa mchumba wangu."

Inspekta alivua miwani. Alimtazama kwa muda, bila ukali wala huruma.

"Kilianza kipi? Mchumba au gauni?"

"Gauni."

"Na wao wanajua?"

"Hakuna anayejua. Wewe ndiye wa kwanza."

"Ungesema hapana, tusingejua. Hilo unalijua?"

"Najua, afande."

"Basi kwa nini?"

Binti aliinua uso. "Nikivaa hiyo sare, siku moja msichana kama mimi atakaa mbele yangu aniambie alimwona fulani akiingia stoo. Nitamtambuaje, kama mimi mwenyewe bado ni yeye?"

Inspekta alifuta miwani kwa pindo la blauzi, akaivaa.

"Saa kumi jioni nitakuwa kwa huyo mama. Siendi kwa ajili yako. Naenda kwa ajili yake. Ukitaka alisikie kwako kwanza, miguu unayo."

"Na kazi, afande?"

"Ya kazi watayaamua wakubwa. Nenda, binti. Mbona umekaa?"

* * *

Karakana ya mchumba wake ilikuwa nyuma ya duka la vyuma, na ilijaa majokofu yaliyofunguliwa milango kama watu wanaopiga miayo. Mtaani walimwita Baridi kwa sababu ya kazi yake, na yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba hakuna aliyewahi kumwita hivyo akamaanisha moyo.

Alipomwona binti, alifuta mikono kwenye suruali na kupiga saluti, bisibisi ikiwa bado mkononi.

"Afande! Wamekupitisha?"

Binti hakucheka. Kwa kawaida angecheka. Kwa kawaida angemwambia saluti hupigwa kwa mkono mtupu, naye angeidondosha bisibisi makusudi ili wainame pamoja kuiokota, vichwa vikigongana.

Baridi aliona begi begani kwake. Lilikuwa begi la shule alilopitia kwao kulichukua, kuukuu, kamba moja imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Umekuja kuhamia? Mbona hata hatujapeleka posa?" Aliuliza kwa utani, lakini utani wenyewe ulikwama katikati. "Nini? Wamekukataa?"

"Nataka twende kwa mama. Sasa hivi."

"Mama gani, wangu? Nina jokofu la bucha hapa, mwenyewe ananipigia simu kama mtu mwenye msiba."

"Mwache bucha."

"Una nini wewe?" Alimshika kiwiko. Mkono wake ulikuwa wa baridi, kama kawaida, na leo ubaridi huo ulimpenya binti mpaka kifuani. "Unatetemeka. Wamekufanya nini huko?"

"Hawajanifanya kitu. Mimi ndiye nimefanya. Zamani. Nimewaambia, na sasa lazima niwaambie ninyi, na siwezi kulisema mara mbili. Nikilisema hapa, sitakuwa na nguvu ya kulisema kule."

Baridi aliachia kiwiko polepole. Machoni mwake binti aliona mambo yakipita, moja baada ya jingine: mwanamume mwingine, mtoto aliyefichwa kwa bibi, ugonjwa. Alitamani kumwambia si hayo, ili apumue kidogo. Lakini apumue kwa nini, na linalokuja ni baya kuliko yote matatu?

"Unanipenda?" Baridi aliuliza ghafla.

"Ninakupenda."

"Basi hayo mengine yatabebeka."

"Usiseme hivyo," alimsihi. "Tafadhali usiseme hivyo mpaka usikie."

Walitembea. Binti alizoea kuisikia sauti ya Baridi njia nzima, akisimulia jokofu hili limekufa kwa kutu na lile kwa mende. Leo alisikia viatu tu, na begi likimpiga nyongani kila hatua, jepesi mno kwa kilichokuwa ndani yake.

* * *

Mama yake Baridi alipiga pasi sebuleni, karibu na dirisha. Tangu afukuzwe hakuna dobi aliyempokea, hivyo majirani walimletea nguo nyumbani, naye alizinyoosha kana kwamba kila shati lingevaliwa na waziri. Binti pia alikuwa akimletea. Ndivyo alivyoingia nyumba hii: na rundo la nguo za kwao, yeye aliyefundishwa kupiga pasi na mama huyohuyo. Mama alicheka siku ile ya kwanza. "Mikono umeivunja?" Kisha akatabasamu kwa macho, kwa sababu mwanawe alikuwa ametoka chumbani, na mama akadhani ameelewa.

Kila mtu alidhani ameelewa. Shangazi yake Baridi, dada wa marehemu baba, alilisema waziwazi: huyu hafuati pasi, anafuata kijana.

Leo shangazi huyo alikuwa kochini, miguu juu ya stuli, akipaka rangi kucha.

"Haya, serikali imeingia," alisema. "Tukae vizuri. Wifi, huyu akishaolewa hapa tutaomba kibali hata cha kukohoa."

"Mwache mwenzio," Mama alisema bila kuacha pasi. "Mwanangu, umekula? Umekonda wiki hii. Hao polisi wanapima watu au wanawakausha?"

Mwanangu. Neno hilo lilimchoma kuliko tusi lolote.

"Mama, naomba uzime pasi."

Mama aliinua macho. Akamtazama binti, akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni kama mgeni, akaichomoa pasi ukutani.

Binti alifungua begi. Vidole vilikataa zipu, akaivuta kwa nguvu, akatoa kilichokuwa ndani na kukilaza juu ya meza ya pasi. Hariri ilikuwa imeanza kuwa ya manjano kwenye mikunjo, lakini ilimwagika mezani kama maziwa.

Brashi ya rangi ya Shangazi ilibaki hewani.

Mikono ya Mama ilifanya ilichozoea kufanya kabla mwenyewe hajafikiri: ilinyoosha. Kiganja kilipita kifuani, kikashuka kiunoni, kikafuata mshono hadi chini. Karibu na pindo kikasimama. Pale palikuwa na alama ya rangi ya chai, pana nyuma na kali mbele.

Mama aliinua pasi yake. Aliishika juu ya alama ile bila kuigusisha, kama anayepima.

"Liliungua," binti alisema. "Mimi ndiye niliyeliunguza. Nikaogopa. Nikalificha, na polisi walipouliza nikasema nilikuona wewe ukiingia nalo stoo. Sikukuona, Mama. Hukuingia nalo popote. Lilikuwa nyumbani kwetu juu ya kabati siku zote."

Alikuwa amepanga maneno mengi zaidi, ya kuomba radhi, ya kueleza jinsi alivyokuwa mdogo. Yalipotea yote.

"Kumbe liliungua tu," Mama alisema.

Aliirudisha pasi mahali pake. Aliketi kwenye kiti cha karibu, polepole, mkono mmoja bado umelishika pindo.

"Ungeniambia tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Hapa? Ningepandisha pindo, nikazungusha lesi. Kazi ya asubuhi moja. Bibi harusi angecheza nalo mpaka kukuche na asingejua. Kwa nini hukuniambia? Niliwahi kukufokea mimi?"

"Hapana, Mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi uliogopa nini?"

Machozi yalimtoka binti bila sauti. Hakuyafuta, kwa sababu aliona hata kuyafuta ni kujihurumia.

Nyuma yake Baridi alizungumza kwa mara ya kwanza.

"Nilimpelekea chakula kituoni." Alikuwa akiongea na ukuta. "Nikiwa na sare ya chuo. Yule askari akaniambia, rudi nacho, mama yako kala vya watu vya kutosha. Wakacheka. Nikakaa kwenye ngazi na lile bakuli mpaka chakula kikaganda." Sasa alimgeukia. "Hilo nilikusimulia. Mara ngapi nimekusimulia? Ukanishika mkono. Ukalia. Ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa nalia hilohilo."

"Usinijibu hivyo!"

"Usipige kelele kwangu," Mama alisema. Kisha, bila kumtazama mtu, "Wifi."

Shangazi alishtuka. "Abee."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Shangazi alishusha miguu kutoka kwenye stuli.

"Nimesikia hukuiba."

"Kila nikija kwako ulifunga kabati. Ulikuwa unasubiri niketi, unaenda chumbani, unageuza ufunguo taratibu. Ulidhani sisikii."

"Wifi yangu..."

"Nilikuwa nasikia," Mama alisema. "Basi tu."

Shangazi aliangalia kucha zake, nusu nyekundu, nusu tupu, akaanza kulia kwa kwikwi kubwa, yeye ambaye hata msibani hulia kwa mpangilio.

Baridi alimsogelea binti. Alisimama karibu kiasi cha kumgusa, na hakumgusa.

"Nina swali moja. Ukinidanganya nitajua."

"Uliza."

"Siku ile ya kwanza na lile rundo la nguo. Mtaa mzima ulinicheka, wakasema msichana kanifuata mpaka nyumbani. Nikatembea kifua mbele mwezi mzima. Ulimfuata nani?"

Hili ndilo swali aliloliogopa kuliko la Inspekta. Aliliogopa tangu siku aliyojua anampenda, kwa sababu jibu lake lilikuwa kweli pande zote mbili, na nani angeamini pande zote mbili?

"Nilimfuata mama yako," alisema. "Nilikuja kusema. Nikashindwa, nikaacha nguo, nikaondoka. Nilikuja tena kusema, nikashindwa tena. Halafu siku moja nikajikuta nimesimama kwenye kioo nachana nywele, na niliyekuwa nikimwaza si mama yako. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Zamani nilikuwa na kitu kimoja cha kupoteza, na nilishakipoteza. Sasa nikawa na wewe."

Baridi alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa, na binti aliyatafuta humo yale anayoyajua, ya utani, ya kuinama kuokota bisibisi. Hakuyaona. Ila macho hayo hayakugeuka pembeni.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni.

* * *

Inspekta alikataa soda na kuomba maji. Alikaa kwenye kiti kigumu, akaliona gauni mezani, akaziona nyuso, hakuuliza nani ameambiwa nini.

"Mama, nimekuja kwanza kukuambia kwamba maneno ya binti huyu tumeyapokea, na shauri lako la zamani litafunguliwa ili lifungwe inavyostahili. Jina lako litasafishwa na waliolichafua, na sisi tumo. Hilo halitegemei kama yeye atapata kazi au hatapata."

"Nisome mimi mwenyewe kabla halijafungwa," Mama alisema.

"Utasoma."

"Kwa sauti. Huyu wifi yangu awepo."

"Awepo." Inspekta alikunywa maji. "La pili ni swali. Huwa tunaliuliza kwa kila anayeomba kazi, kwa watu wanaomjua. Unaweza kukataa kulijibu."

"Liulize."

"Ukipata shida, ukaita polisi, na anayefika mlangoni kwako akawa ni huyu. Utamfungulia?"

Binti alikuwa amesimama karibu na dirisha. Aliona kichwa cha Mama kikiinama. Alisikia jokofu la jikoni, alilolitengeneza Baridi mwenyewe, likianza kunguruma. Kazi ilikuwa katika jibu hilo. Nyumba hii ilikuwa katika jibu hilo. Alitamani, kwa nguvu ileile ya siku ile alipoinua pasi na kuona kilicho chini yake, kukunja kila kitu na kukimbia.

Hakukimbia. Alisubiri.

"Kachelewa," Mama alisema hatimaye. Alikuwa bado ameshika pindo, kidole gumba kikipita na kurudi juu ya ile alama. "Kachelewa sana huyu. Nimekaa humu ndani nikimsubiri mtu aje aseme, mpaka nikaacha kusubiri." Aliinua uso na kumtazama binti, na uso ule haukuwa wa msamaha, lakini ulikuwa unamtazama. "Ila kafika, afande. Andika hivyo. Kachelewa, ila kafika."

* * *

Inspekta alipoondoka, binti alilikunja begi tupu. Gauni aliliacha mezani, kwa kuwa halikuwa lake tena kulificha.

"Kwaheri, Mama."

"Haya," Mama alisema. Hakusema mwanangu. Alichomeka pasi ukutani na kuanza na shati la jirani.

Kila binti alipokuja nyumba hii, Baridi alimsindikiza. Alimsindikiza hata mvua ikinyesha, hata walipokuwa wamenuniana kwa upuuzi, mpaka kona ya fundi viatu, mahali ambapo huagana na kurudi kuagana tena. Leo alikuwa ameketi, viwiko magotini, uso ndani ya viganja. Binti alimtazama, akatoka.

Alivuka ua. Alifungua geti, akalifunga. Barabara ilikuwa na watu wanaotoka makazini, na kila mmoja alionekana ana mahali pa kwenda. Aliutembea mtaa ule akiogopa kila hatua, kwa sababu kila hatua ilikuwa inamwonyesha jinsi njia hiyo ilivyo bila mtu pembeni.

Karibu na duka la vioo alisikia ndala. Alizijua ndala zile. Moja ilikuwa imelegea kisigino, ikipiga lami mara mbili.

Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Zilimfuata kwa mbali kidogo, hazikusogea, hazikurudi nyuma, mpaka kona ya fundi viatu. Hapo akasimama, naye akasimama nyuma yake.

"Sijakusamehe," Baridi alisema.

"Najua."

"Na sijui kama nitaweza."

"Najua."

Fundi viatu aliinua kichwa, akawatazama, akakirudisha haraka kwenye kiatu chake.

"Nimekuja kukusindikiza tu," alisema Baridi.